Hina na piko: bi harusi anapakwa nini?

Mpunga ukishavunwa katika Bonde la Kilombero, harusi hufuatana, na wachoraji wa hina hapa Ifakara huwa na kazi nyingi. Tumeona tueleze kinachopakwa, maana siku hizi vitu viwili tofauti huitwa kwa jina moja.

Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Unga wake hukorogwa kwa maji na limau, ukaachwa saa kadhaa, kisha ukapakwa na kukaa ngozini, mara nyingi usiku kucha. Ukibanduliwa, rangi huwa ya chungwa; wekundu wa kahawia huja baada ya siku moja au mbili. Viganja na nyayo hukolea zaidi kwa sababu ngozi yake ni nene.

Mila hii ni ya Pwani. Zamani wengi walijaza hina tupu kwenye ncha za vidole na nyayo. Mtindo wa Zanzibar, Lamu na Mombasa ni maua na majani yanayotambaa kutoka kidoleni kupanda mkono, na mguuni vilevile. Watu wa Ghuba hupenda maua makubwa yenye nafasi katikati. Wahindi hujaza kiganja chote mistari myembamba, pengine wakificha humo jina la bwana harusi. Siku hizi yote huchanganywa, nasi hatuoni ubaya.

Tatizo ni piko, ile rangi nyeusi inayozungushiwa maua mekundu. Mara nyingi hutengenezwa kwa dawa ya kupaka nywele weusi, yenye kemikali iitwayo PPD. Hushika upesi, na ndiyo maana inapendwa. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele tu, isizidi asilimia 2. Kuchorea ngozi hairuhusiwi. Mwenye mzio huwashwa, huvimba na kutoka malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, pengine siku kadhaa baada ya harusi. Mzio huo ukishaingia hautoki. Miaka mingi baadaye, akipaka rangi nywele tu, anaweza kuishia hospitali.

Hina safi nayo si ya kila mtu. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayoonekana zaidi sehemu zenye malaria ya miaka mingi, kama huku kwetu. Hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao, na watoto wachanga ndio huumia zaidi. Kwa hiyo kichanga asipakwe kabisa, hata kwa urembo wa sherehe. Aliyepakwa akiwa na macho ya manjano au mkojo wa rangi ya chai nzito, awahishwe hospitali siku hiyohiyo.

Kabla hujanyoosha mkono, muulize mchoraji kachanganya nini. Unga wa hina ni wa kijani na hunukia majani. Ukiambiwa baada ya nusu saa utakuwa mweusi tii, hiyo si hina.