Binti Anders yuko wapi?

Haya wasomaji, wale mnaojenga miti ya familia mtandaoni. GEDCOM, mfumo uliotoka 1984 wa kuhamisha miti hiyo, huweka ubini kati ya mikwaju miwili, kana kwamba ubini hurithiwa daima. Uswidi ya vijijini haikuwa hivyo! Watoto wa Anders waliitwa Andersson na Andersdotter. Wajukuu wakachukua jina la baba yao. Askari naye alipewa jina jipya, kama Rask, maana akina Andersson walijaa kikosini. Sheria ya 1901 ndiyo iliyohusu kuchukua ubini wa familia.

Sasa, mke wa 1850 ukimpa ubini wa mumewe, umempoteza: vitabu vya kanisa vinamjua kama Andersdotter hadi kaburini. Hifadhi kila jina lilivyoandikwa, pamoja na mwaka. Pehr na Per huenda ni mtu yule yule.