Kimelea katika damu ya mnyama pori, na hadithi ya pori "lisilo na mwenyewe"



Tukizungumza historia ya bara letu tunawataja masultani, machifu, wamisionari na magavana. Kuna mmoja tunamsahau kwa sababu haonekani kwa macho. Huyu ni tripanosoma, kimelea aishiye katika damu ya wanyama pori na kuchukuliwa na mbung'o (wengine mnamwita ndorobo) kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Akiingia kwa ng'ombe huleta nagana. Aina zake mbili zikiingia kwa binadamu huleta malale. Hoja yangu ni kwamba mengi ya mapori tunayoambiwa ni ya asili, ati hayakupata kukaliwa na mtu, yametokana na historia ya kimelea huyu na jinsi serikali za kikoloni zilivyopambana naye. Na wazee waliokaa jirani na wanyama hao walikuwa na elimu ambayo maabara ilikuja kuithibitisha baadaye.

Tuanzie Zululand, mwaka 1894. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alipelekwa Ubombo kuchunguza kwa nini ng'ombe wanakonda, wanaishiwa damu na kufa. Alipotazama damu yao kwa hadubini aliona vijidudu vikijipindapinda kati ya chembe za damu. Lakini vimetoka wapi? Wazungu wawindaji walisema kosa ni la inzi. Wazulu walisema kosa ni la wanyama wakubwa wa porini: palipo na nyati, ng'ombe haishi. Wao walidhani wanyama wale huchafua majani kwa mate na kinyesi, na wasomi wa siku zile waliona hayo ni maneno ya watu wasiojua.

Sasa Bruce alifanya jambo la maana. Alichukua damu ya wanyama waliopigwa risasi porini, nyati, nyumbu, tandala na pongo, akawadunga mbwa. Baadhi ya mbwa wakaugua nagana. Wanyama wenyewe walikuwa wazima, wamenona, hawana dalili yoyote. Kumbe pande zote mbili zilikuwa na haki: mnyama pori ndiye ghala, mbung'o ndiye mchukuzi. Wazulu walikosea njia lakini hawakukosea chanzo. Hata hivyo, tazameni mirathi ilivyogawanywa: ugonjwa umebaki na jina la Kizulu, nagana, na kimelea mwaka 1899 akapewa jina la Bruce, Trypanosoma brucei.

Kwa nini nyati haugui? Jibu ni ujirani wa zama nyingi. Kimelea anayemuua mwenyeji wake upesi anaichoma nyumba anayoishi. Tripanosoma ana hila ya kubadilisha kanzu: kila mara kinga ya mwili inapoitambua ngozi yake ya nje, baadhi yao wamekwisha vaa nyingine. Mwili wa nyati au pongo haummalizi, bali humpunguza mpaka wote wawili wakaweza kuishi. Ng'ombe kwa kimelea huyu ni mgeni wa juzi tu, na wengi wao hawajazoea.

Watu wetu waliyajua hayo kwa vitendo. Misafara ya Bagamoyo na Tabora ilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi, kwa sababu punda na ng'ombe walikufa njiani. Wafugaji walijua mahali pa kukwepa, walipitisha mifugo usiku, walichoma nyasi, walifyeka vichaka na kuwinda. John Ford, aliyefanya kazi miaka mingi katika idara za mbung'o Afrika Mashariki na Kusini, alitoa kitabu kikubwa mwaka 1971 akisema kwamba huo ulikuwa mfumo: watu walikuwa wakitawala mpaka baina yao na pori. Helge Kjekshus mwaka 1977 alilipeleka wazo la namna hiyo katika historia ya Tanganyika.

Mfumo huo ulivunjika miaka ya 1890. Sotoka iliyoingia kutoka Pembe ya Afrika ilifagia ng'ombe wa Wamaasai na wengineo, ikaua nyati na nyumbu pia, na mwaka 1896 ikavuka Zambezi. Ikafuata njaa, ndui, na kwetu vita vya Wajerumani hadi Maji Maji, 1905 hadi 1907. Watu walipungua, vichaka vikarudi mashambani. Wanyama pori walizaana upesi kuliko watu na mifugo, na mbung'o akawafuata. Hilo ndilo pori walilolikuta maafisa wengi wa kikoloni, wakaliandika kuwa ni la tangu na tangu!

Wakati huohuo malale yaliua watu zaidi ya 200,000 Busoga na kando ya ziwa Victoria. Tangu 1906 Gavana Hesketh Bell akaanza kuwahamisha waliobaki pwani ya ziwa. Mwaka 1912 Kinghorn na Yorke walionyesha kwamba wanyama wa bonde la Luangwa wana kimelea wa malale makali. Kwani serikali zifanye nini? Njia zilikuwa mbili: kuua wanyama au kuhamisha watu.

Rhodesia ya Kusini ilichagua bunduki. Zululand vilevile, ambako kati ya 1942 na 1950 waliuawa wanyama zaidi ya 70,000, na bado kilichommaliza mbung'o wa huko ni DDT iliyomwagwa kwa ndege. Tanganyika kulikuwa na Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama, ambaye hakupenda mauaji hayo. Shinyanga Wasukuma walitoka kwa maelfu kufyeka vichaka. Lakini kwingineko, baada ya mlipuko wa Maswa wa 1922, watu walikusanywa katika vijiji vikubwa na makwao pakaachwa. Liwale, miaka ya 1940, watu waliondolewa kwa hoja ya malale, na hifadhi ya Selous ikapanuka juu ya mahame yao. Sehemu kubwa ya Selous mwaka 2019 imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ukipita huko utasikia sifa za pori lisiloguswa. Miembe iliyopandwa na mtu haisemi.

Na sayansi yenyewe? Huko Tinde, Shinyanga, tangu 1934, kimelea wa malale alipitishwa na mbung'o katika swala na kondoo kwa miaka kumi na minane, akijaribiwa mara kwa mara kwa watu walioitwa wa hiari. Hiari ya enzi ya ukoloni, kila mmoja wetu aipime mwenyewe. Ikaonekana miaka yote hiyo mnyamani haikumwondolea uwezo wa kumuugua mtu. Mwaka 1958 kimelea aliyetolewa kwa pongo wa Nyanza, Kenya, alidungwa mtu, naye akaambukizwa.

Leo malale yamepungua sana, tangu 2018 wagonjwa wanaoripotiwa hawafiki 1,000 kwa mwaka. Lakini aina ya mashariki haiwezi kung'olewa kabisa maadamu ghala lake ni mnyama tunayemlinda, nami sisemi tumuue. Ninalosema ni kwamba kimelea huyu ni shahidi. Kila inapotolewa hoja kwamba wafugaji au wakulima waondoke kwa kuwa ardhi hii tangu asili ni ya wanyama, mwanahistoria aulize kwanza: tangu lini, na nani aliondolewa, na kwa ugonjwa gani?

Wenye ziada au masahihisho, hasa wenye wazee waliohamishwa Liwale, Maswa au Busoga, waandike kabla kumbukumbu hizo hazijazikwa. Naomba kutoa hoja.