Rwanda na Biashara ya Laini ya Jumla

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha sera mpya ya intaneti yenye kasi, na kwa uamuzi huo likaufikisha kikomo ukiritimba uliokuwa umedumu tangu mwaka 2014. Huenda wengi waliliona hilo kuwa ni jambo la mafundi na wanasheria. Walakini historia iliyoutangulia uamuzi huo yafaa ijulikane na kila mtu ambaye kazi yake hutegemea mawasiliano, na askari zaidi ya wengine, kwa kuwa yeye anajua fika tofauti iliyopo baina ya kikosi chenye laini na kikosi kisicho nayo.

Rwanda haina bahari. Mikongo ya mawasiliano ya chini ya bahari ilipofika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, nchi hiyo haikuwa na budi kuifuata kwa njia ya nchi kavu, kupitia Tanzania kwa upande wa Rusumo na kupitia Uganda kwa upande wa Gatuna. Serikali ya Kigali ilikwisha kuliona hilo mapema. Kwa fedha za umma ilitandaza mkongo wa taifa wenye urefu wa zaidi ya kilometa 2,000, na kazi hiyo ikafanywa na kampuni ya KT ya Korea ya Kusini.

Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa imepata somo chungu kutokana na shirika lake la simu, Rwandatel. Mwaka 2005 shirika hilo liliuzwa kwa kampuni ya Terracom. Haukupita muda mrefu, likarudi mikononi mwa serikali, na mwaka 2007 asilimia 80 ya hisa zake zikauzwa kwa kampuni ya LAP Green ya Libya. Mwezi wa Aprili mwaka 2011 mamlaka ya usimamizi, RURA, iliifutia Rwandatel leseni ya simu za mkononi kwa kutotimiza masharti. Ndiyo kusema katika muda wa miaka sita shirika lilibadili wenyewe mara tatu na mwishowe likaanguka. Si ajabu basi kwamba viongozi wa nchi hiyo walianza kutafuta mpango mwingine.

Mpango walioupata haukubuniwa Afrika. Nchini Uingereza, shirika la simu la BT lilipoanza kuuzwa kwa watu binafsi mwaka 1984, nyaya za shaba zilizoingia karibu kila nyumba zilibaki kuwa mali yake. Washindani wasingeweza kuchimbua upya barabara zote za nchi. Baadaye BT ililazimishwa kuwaruhusu waweke mitambo yao ndani ya vituo vyake vya simu na kukodi waya utokao kituoni hadi mlangoni kwa mteja. Mwaka 2006 ikaundwa Openreach, idara ya BT ya kusimamia nyaya hizo na kuzikodisha kwa masharti yale yale kwa kila kampuni, BT yenyewe ikiwamo.

Askari ataielewa biashara hii kwa mfano wa bohari. Bohari kuu haimgawii askari mmoja mmoja buti. Hutoa kwa kikosi, na kikosi ndicho kimpacho askari. Mwenye laini ya jumla naye hauzi kwa mwananchi. Huuza uwezo wa laini kwa kampuni za rejareja, kwa bei inayosimamiwa na mamlaka. Kampuni hizo hukata vifurushi, hutafuta wateja, hupokea malalamiko yao, na huongeza faida yao juu ya bei ya jumla.

Rwanda haikuwa na shaba ya kugawana, maana simu za waya zilikuwa chache mno. Ikaamua kugawana mkongo na masafa ya hewani. Mwaka 2013 serikali iliingia ubia na KT, na ikazaliwa kampuni ijulikanayo kwa kifupi kuwa KTRN. KT ilichukua asilimia 51 ya hisa na kuahidi mtaji wa kiasi cha dola za Kimarekani milioni 140. Serikali ilichukua asilimia 49 kwa kutoa mkongo, masafa na leseni. Leseni hiyo ndiyo kiini cha habari yote: kwa miaka 25 KTRN peke yake ingejenga mtandao wa simu wa kizazi cha nne, na ingeuza kwa jumla tu. (Mafundi husema “kizazi” kana kwamba minara nayo huoa na kuzaa.) Mtandao huo ulizinduliwa mjini Kigali Novemba 2014, na mwaka 2018 ikatangazwa kwamba umewafikia zaidi ya asilimia 95 ya wananchi.

Kwa ujenzi, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Milima ya Rwanda si rafiki wa mawimbi ya redio, na kampuni tatu zingelazimika kusimamisha minara mitatu mahali ambapo mmoja ungetosha. Mwenye nyumba aliyetaka intaneti ya kizazi cha nne hakuwa na haja ya kuuliza ni laini ya nani iliyo bora, maana wauzaji wote waliteka maji katika kisima kimoja. Aliloweza kulinganisha ni bei ya kifurushi, idadi ya siku zake, na upesi wa muuzaji katika kupokea simu mteja anapolalamika.

Walakini hapo ndipo tatizo lilipojificha. MTN, Tigo na Airtel zilikuwa na mitandao yao wenyewe ya kizazi cha tatu, iliyokwisha kugharimiwa. Kila mteja aliyebaki katika kizazi cha tatu aliiachia kampuni yake faida yote. Kila aliyehamia kizazi cha nne aliilazimu kampuni hiyo kuilipa KTRN. Ni mfanyabiashara gani angepiga mbiu ya kuuza shehena ya jirani huku yake ikikaa ghalani? Tena simu zenye uwezo huo zilikuwa ghali wakati ule. Hivyo mtandao ulienea nchi nzima, lakini wateja wa kizazi cha nne wakawa wachache kuliko wa kizazi cha tatu. KTRN, ambayo kwa masharti yake haikuruhusiwa kumwendea mteja, ilibaki kungoja wauzaji ambao hawakuwa na hamu ya kuuza.

Kenya ilipita njia nyingine, ingawa si kwa kupenda. Huko nako palikuwa na mpango wa mtandao mmoja wa pamoja baina ya serikali na kampuni, lakini ulikwama. Mwezi wa Desemba 2014, mwezi mmoja tu baada ya uzinduzi wa Kigali, Safaricom iliwasha mtandao wake yenyewe. Katika mitaa ya Nairobi leo waya wa Safaricom, wa Zuku na wa Jamii huweza kupita mbele ya lango moja. Hapana shaka huo ni upotevu wa nyaya, lakini kila mwenye waya ana sababu ya kubisha hodi.

Baada ya sera ya mwaka 2022, MTN na Airtel ziliruhusiwa kujenga mitandao yao ya kizazi cha nne nchini Rwanda, na mwaka 2023 zote mbili zikaanza kuwahudumia wateja. Mwaka huo huo huduma ya setilaiti ya Starlink nayo ikaingia nchini. KTRN ilibaki na mtandao wake, ikiuza jumla kwa atakaye. Ukiritimba ulioandikiwa miaka 25 haukufikisha 10.