Tanzania na Uganda: Miaka Minane ya Ugomvi, 1971–1979

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza habari za ugomvi wa dola mbili zilizo jirani, yaani Tanzania na Uganda. Sisi tukaao Mkuyuni, katika mji wa Mwanza, yatupasa kuijua habari hii, kwa kuwa ziwa lililo mbele yetu ndilo njia ya kwendea Uganda, na katika ugomvi huo mabomu yaliufikia mji wetu. Wazee wetu huikumbuka sana Vita ya Kagera. Lakini vita ile ilikuwa mwisho wa shauri lililoanza zamani, nasi twapenda kulifuata tangu shina lake.

Kwanza tutazame mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi walipatana huko Ulaya jinsi ya kugawana nchi zetu. Upande wa magharibi wa ziwa walifuata mstari wa digrii moja kusini ya ikweta. Lakini mto Kagera huteremka kusini ya mstari huo, hupinda, kisha hurudi kaskazini na kuingia ziwani upande wa Uganda. Basi kipande cha nchi, kiasi cha maili 710 za mraba, kikabaki ng'ambo ya mto, ilhali ni mali ya Tanganyika. Mwaka 1964, katika mkutano wa Cairo, dola za Afrika zilikubaliana kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, hata ikiwa ilichorwa vibaya. Tanzania ilikuwa mbele katika kulitetea neno hilo.

Ugomvi wenyewe ulianza tarehe 25 Januari 1971. Rais Milton Obote alikuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, na nyuma yake Jenerali Idi Amin akaitwaa serikali kwa nguvu ya askari. Rais Julius Nyerere alikataa kuitambua serikali hiyo, akampa Obote makazi Dar es Salaam. Yafaa tufahamu uzito wa neno hili. Dola ikikataa kuitambua serikali ya jirani, haikatai salamu tu. Yakataa pia kuketi nayo na kutia sahihi pamoja nayo. Na wakati ule nchi hizi mbili, pamoja na Kenya, zilikuwa na mali ya shirika. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza tarehe 1 Desemba 1967, makao yake Arusha, iliendesha reli, bandari, posta, ndege, na meli za ziwa hili. Mamlaka yake ya juu ilikuwa baraza la marais watatu. Baraza hilo halikukutana tena baada ya Amin kushika utawala.

Mwaka wa pili mambo yalizidi. Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Obote wenye silaha walivuka mpaka kutoka Tanzania, wakaingia Uganda kuelekea Masaka na Mbarara. Walishindwa upesi. Amin akatuma ndege kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Hapo ndipo watu wa mji huu walipotambua ya kuwa ugomvi wa wakubwa hauishii katika majumba ya serikali. Rais Siad Barre wa Somalia akasuluhisha, na tarehe 5 Oktoba 1972 mapatano yakatiwa sahihi Mogadishu: kila upande urudishe askari wake kilometa kumi kutoka mpakani, wala usiwasaidie wapinzani wa mwenziwe.

Mapatano hayo yalizuia risasi kwa miaka sita, wala hatuyadharau. Ila yaliwatenga askari bila kulimaliza shauri. Obote aliendelea kukaa Dar es Salaam. Amin aliendelea kuwaua raia wake na kuwatukana jirani zake. Mwaka 1975 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Kampala, Tanzania haikwenda. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, kwa sababu hii na kwa ugomvi mwingine kati ya Tanzania na Kenya, na mali yake ikawa ya kugawanywa.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika kile kipande cha ng'ambo ya Kagera, naye akatangaza ya kwamba sasa ni nchi yake. Watu waliuawa, ng'ombe wakatekwa, kiwanda cha sukari kikaharibiwa, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Rais Nyerere alilitangazia taifa kwamba Amin lazima apigwe. Nchi ikakombolewa, kisha majeshi yetu yakavuka mpaka, Masaka ikaanguka Februari 1979. Mwezi wa Machi ndege ya Libya, nchi iliyomsaidia Amin, ilikuja kupiga mabomu Mwanza ikikosa shabaha yake, na wanyama wa porini wakafa. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa.

Je, Tanzania ilikuwa na haki? Kulinda ardhi yake, hapana shaka. Lakini kwenda hata Kampala ni jambo jingine, na katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, wako wakuu wa Afrika waliolilaumu, kwa kuwa dola zilikwisha ahidiana kutoingiliana. Nyerere alijibu kwamba ahadi ile isiwe ngao ya muuaji. Sisi twaona jibu lake lina nguvu. Ila haifai tusahau ya kwamba mwaka 1972 silaha zilitoka upande wetu kwanza, na gharama ya vita iliubana uchumi wetu kwa miaka mingi.

Tarehe 30 Novemba 1999 mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha. Mwaka 2018 meli ya kuchukua mabehewa, MV Umoja, ilirudi tena katika safari za Mwanza na Port Bell. Mwenye kuiona ikipakia shehena ya Uganda katika bandari yetu ya kusini, na akumbuke ya kuwa shehena hiyo ilihitaji kwanza marais waliokubali kuketi meza moja.