Nguvu za Umeme katika Majengo ya Ushirika Wetu

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, habari za mavuno na bei zimekwisha pata wasimulizi wake. Sisi twapenda kueleza jinsi nguvu za umeme zilivyofika Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, na jinsi zipasavyo kuingizwa katika maghala, vinu na viwanda vyetu. Jambo hili lagusa fedha ya kila mwanachama.

Ushirika si mgeni kwetu. Chama cha Ngoni-Matengo kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya wakulima wa tumbaku. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, navyo vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka hiyo mirefu, kazi ya mkulima wa kahawa ilitegemea mkono wake. Aliimenya nyumbani kwa mashine ya kuzungusha, akaianika, kisha ikasafirishwa mpaka Moshi kukobolewa, kabla Mbinga haijapata kiwanda chake. Nauli ya safari hiyo ndefu ilitoka katika jasho la mkulima.

Umeme nao ulichelewa kutufikia. Dar es Salaam iliwashiwa taa mwaka 1908, wakati wa Wadachi, lakini Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulianza kazi mwaka 2007: yapata miaka 100 baadaye! Songea na Mbinga zilitegemea mitambo ya dizeli. Mafuta yakiadimika, taa huzimika na vinu hunyamaza.

Mito yetu ndiyo iliyoanza kuleta nafuu. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa Tulila katika Mto Ruvuma, wenye megawati 5, ulioanza kuuza umeme kwa TANESCO mwaka 2015. Mbangamao, katika Mbinga yenyewe, ukajengwa mtambo mdogo wa maji wa megawati 1. Kisha ikaja njia kuu ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye urefu wa kilomita 250 hivi, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden. Ilikamilika mwaka 2018, na Rais John Magufuli aliizindua Aprili 2019. Tangu hapo mkoa wetu umeunganishwa na gridi ya taifa.

Lakini, Ndugu Wanachama, nguzo kufika mlangoni ni nusu ya safari tu. Nusu ya pili imo ndani ya jengo.

Ghala lililotandazwa nyaya kwa ajili ya taa lina waya mwembamba wa milimita mraba 1.5. Waya huo watosha taa, wala hauwezi kubeba mashine. Mota ya kilowati 15, inayoendeshwa kwa fezi tatu za volti 400, huvuta karibu amperi 30 katika kila fezi. Nayo ikianza kuzunguka, huvuta mara tano hata saba ya kiasi hicho kwa muda mfupi. Waya ukiwa mwembamba au mrefu kupita kiasi, volti hushuka. Volti zikishuka, mota huvuta mkondo zaidi ili kuumudu mzigo uleule, hupata moto, na mwisho huungua. Kahawa mbivu haingojei mota isukwe upya. Ikilala bila kumenywa huchacha, na daraja lake hushuka.

Kwa hiyo, kabla chama hakijanunua mashine, yafaa kiulize kwanza: je, njia iliyofika kijijini ni ya fezi moja au tatu? Je, transfoma yaweza kuubeba mzigo wetu pamoja na wa jirani zetu? Swali hilo halina gharama, bali mashine isiyo na umeme wa kuifaa ni deni lililofungiwa ghalani.

Hapana budi pia kuangalia usalama. Nchi yetu ya milima ina radi nyingi. Kila jengo liwe na waya wa kutua ardhini, uliofungwa barabara kwenye fimbo ya shaba, na ukaguliwe kila mwaka. Vumbi la unga na la makapi ya kahawa hupenya katika masanduku ya swichi, basi masanduku hayo yawe ya kufungika vizuri. Vinu vya mpunga na majokofu ya samaki huko Mbamba Bay na Lituhi vyataka uangalifu uleule, kwa kuwa unyevu wa ziwani hulegeza viungo kwa kutu. Na fundi awe mwenye leseni ya EWURA, ya daraja linalolingana na kazi. Fundi wa nyumba ya vyumba vitatu siye fundi wa kiwanda.

Wako watakaosema kwamba nyaya nene na fundi mwenye leseni ni ghali. Twawajibu kwamba fedha hiyo hulipwa mara moja, bali mota iliyoungua hulipwa kila msimu, nayo hulipwa na mkulima, kwa kupunguziwa malipo ya kilo yake.

Wazee wetu wa mwaka 1936 waliunganisha nguvu zao bila taa hata moja. Sisi tuliojaliwa taa, katika miaka kumi ijayo kila chama cha msingi na kiweke katika makisio yake fungu la nyaya na ukaguzi kabla ya fungu la mashine. Hapo umeme utakuwa mtumishi wa mkulima kweli.