Uhuru wa Utangazaji: Haki ya Msikilizaji, Wajibu wa Serikali

Uhuru wa utangazaji ni uwezo wa redio na televisheni kuwapasha watu habari bila serikali kuamuru lipi lisemwe na lipi linyamaziwe. Mara nyingi jambo hili hujadiliwa kana kwamba linawahusu waandishi na wamiliki wa vituo peke yao. Kanisa hulitazama pia kutoka upande wa msikilizaji, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kuujua ukweli.

Mafundisho ya Kanisa

Katika waraka *Pacem in Terris* wa mwaka 1963, Papa Yohane XXIII aliitaja haki ya kupashwa habari za kweli kuhusu mambo ya hadhara miongoni mwa haki za mwanadamu. Mwaka huohuo, hati *Inter Mirifica* ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (na. 12) ilifundisha kwamba mamlaka ya kiserikali ina wajibu wa kuulinda uhuru wa kweli na wa haki wa habari. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalirudia fundisho hilo (na. 2498). Serikali, basi, ni mlinzi wa uhuru huu. Na mlinzi wa kisima si mwenye maji.

Mfano wa Kenya

Ibara ya 34 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaikataza serikali kuwaingilia watangazaji au kuwaadhibu kwa sababu ya maoni yao. Leseni inaruhusiwa, kwa maana masafa yasiposimamiwa vituo vitaingiliana. Lakini utaratibu wa kuitoa haupaswi kuwa chini ya serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara.

Hata hivyo, tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo cha “rais wa wananchi” katika bustani ya Uhuru, Nairobi, matangazo ya NTV, KTN na Citizen yalizimwa. Tarehe 1 Februari Mahakama Kuu iliamuru yarudishwe, lakini siku kadhaa zilipita kabla ya amri hiyo kutekelezwa. Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na matangazo ya vituo vilevile vitatu yakakatwa. Mahakama Kuu ililisimamisha agizo hilo siku hiyohiyo.

Shinikizo huja pia kimyakimya. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya kulipiwa ya redio na televisheni yapelekwe KBC, shirika la umma. Kituo kinachotegemea mapato hayo hujifunza upesi habari ipi itakigharimu, kikaanza kujinyamazisha chenyewe.

Je, vituo vikikosea?

Wakenya wanaokumbuka machafuko ya mwaka 2007 na 2008, ambapo baadhi ya redio zililaumiwa kwa kuchochea chuki ya kikabila, wana sababu ya kuuliza hivyo. Ibara ya 33 ya Katiba hailindi uchochezi wa vurugu wala maneno ya chuki, na Katekisimu (na. 2497) inawadai wanahabari kuutumikia ukweli pasipo kuvunja upendo. Lakini kosa litajwe wazi, mtuhumiwa asikilizwe, mahakama iamue. Kuzima kwanza na kueleza baadaye ni kumwadhibu msikilizaji ambaye hakukosa lolote.

Wajibu wa waamini

Tusidhani kwamba jambo hili halitugusi. Agosti 2022, huko Nikaragua, mamlaka ya mawasiliano ilizifunga redio kadhaa za Jimbo Katoliki la Matagalpa kwa madai kwamba hazikuwa na vibali. Waliokuwa wakisikiliza Misa na mafundisho kwa redio hizo walinyang'anywa sauti ya mchungaji wao.

Kwa hiyo, mwamini aipime habari kabla ya kuisambaza, akilalamikie kituo kinachopotosha kwa kufuata taratibu za kisheria, wala asishangilie kituo asichokipenda kinapozimwa kinyume cha sheria. Haki tunayoidai kwa ajili ya redio ya jimbo letu ni lazima tuitetee pia kwa ajili ya kituo kinachotukosoa. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tunaomba upendeleo.