Yasemwayo na Yaachwayo: Historia ya Utungaji wa Matini kwa Tarakilishi

Utangulizi

Neno "zalishi" limekwisha kuzoeleka miongoni mwa wanaisimu tangu Noam Chomsky alipochapisha Syntactic Structures mwaka 1957. Hata hivyo, sarufi zalishi yenyewe haisemi neno. Kazi yake ni kubainisha sentensi zilizo za lugha fulani na zile zisizo zake. Haielezi ni kwa nini msemaji fulani, mbele ya msikilizaji fulani, huchagua sentensi hii akaiacha ile. Swali hilo la pili ndilo lililowakabili wale waliojaribu kuifanya tarakilishi, au kompyuta kama wengi tusemavyo, itunge matini katika lugha ya watu.

Lengo la makala haya ni kuifuatilia historia ya majaribio hayo tangu mwaka 1952. Tutajaribu kuonyesha kwamba somo kuu la historia hiyo ni moja: ugumu wa kutunga haumo sana katika kusema bali umo katika kuacha. Kisha tutadai kwamba Kiswahili, kwa jinsi kitenzi chake kilivyoundwa, hulidhihirisha somo hilo waziwazi kuliko Kiingereza, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya majaribio mengi ya mwanzo. Dai hili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili moja kwa moja, kwani matini zilizotungwa na mitambo zimekwisha kuingia madarasani mwetu.

Sarufi bila Nia

Mwaka 1952, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Christopher Strachey aliiandikia tarakilishi ya Ferranti Mark 1 programu iliyotunga barua za mapenzi. Utaratibu wake ulikuwa sahili. Palikuwa na viunzi vichache vya sentensi vyenye mapengo, na orodha za nomino, vivumishi, vielezi na vitenzi. Mtambo uliokota maneno kwa bahati nasibu ukayajaza mapengoni. Kila barua ilitiwa sahihi ya herufi M.U.C., yaani tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Manchester. Barua zilitofautiana maneno lakini zote zilisema jambo lile lile, na mtambo haukuwa na habari zozote juu ya mtu aliyeandikiwa.

Victor Yngve wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts alipiga hatua zaidi mwaka 1961. Aliandika kanuni za sarufi zilizotosha kuzalisha sentensi za mwanzo za kitabu cha watoto kuhusu gari moshi dogo, kisha akauachia mtambo uzitumie kanuni hizo kwa bahati nasibu. Sentensi zilizotoka zilikuwa na muundo sahihi, ila mambo zilizoyasema yalikuwa ya ajabu. Si haki kulihesabu hilo kuwa kosa lake, kwa kuwa alikusudia kuzijaribu kanuni zenyewe, na kwa kazi hiyo mtambo ulimfaa. Lakini jaribio lake lilidhihirisha kwamba mtu anaweza kuimiliki sarufi pasi na kuwa na jambo la kusema.

Inafaa pia kuikumbuka ELIZA, programu ambayo Joseph Weizenbaum aliieleza mwaka 1966. ELIZA iliyageuza maneno ya mtumiaji na kumrudishia kama maswali, kwa mfano wa tabibu wa maradhi ya moyo na fikra. Haikuelewa lolote. Hata hivyo Weizenbaum alistaajabu kuona watu wakizungumza nayo kana kwamba inawaelewa. Nia iliyokosekana mtamboni ililetwa na msomaji mwenyewe. Jambo hili tutalirudia.

Msikilizaji Aingia

Katika miaka ya 1970 watafiti walianza kuuliza mtambo useme nini. James Meehan wa Chuo Kikuu cha Yale alikamilisha mwaka 1976 programu iliyoitwa TALE-SPIN, ambayo ilisimulia hadithi za wanyama. Wahusika walipewa haja, kama vile njaa au kiu, na programu ikapanga vitendo vya kuzitimiza. Hadithi zilizoharibika ndizo zilizofunza zaidi. Katika mojawapo, dubu mwenye njaa anamwuliza ndege mahali pa kupata asali. Ndege anamjibu kwamba pana mzinga wa nyuki katika mti fulani. Naye dubu anataka kumpiga, kwa kuwa aliuliza asali na hakuambiwa asali iko wapi. Mtambo haukujua kwamba atajaye mzinga amekwisha kutaja asali.

Kisa hiki kinachekesha, lakini undani wake ni mzito. Msemaji wa kawaida huacha mengi bila kuyasema kwa sababu anajua msikilizaji atayajazia mwenyewe. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo kwa maneno machache: mwenye macho haambiwi tazama. Ili mtambo unyamaze pafaapo, ni lazima kwanza uwe na makisio ya yale ambayo msikilizaji anayajua na ambayo anaweza kuyafikia kwa akili yake.

Aliyelishughulikia jambo hili kwa makini katika kipindi hicho ni Anthony Davey, ambaye kitabu chake Discourse Production kilichapishwa mwaka 1978. Programu yake, Proteus, ilicheza na mtu mchezo wa kuweka alama za duara na msalaba katika vyumba tisa, kisha ikaueleza mchezo uliokwisha kwa aya moja fupi. Uwanja huu ni mdogo mno, na huenda msomaji akaudharau. Lakini udogo huo ndio uliomwezesha Davey kuona kila uamuzi wa msimulizi. Proteus haikuorodhesha hatua zote kwa usawa. Iliziunganisha hatua zilizokuwa shambulio na kinga kwa pamoja. Ilitumia kiunganishi cha kinyume pale tu ambapo tendo lilikwenda kinyume na matarajio. Na haikueleza jambo ambalo mtu aujuaye mchezo angelitambua mwenyewe. Viunganishi kama "lakini" na "ingawa", ambavyo sarufi zetu nyingi huvitaja katika orodha na kupita, hapa vilionekana kuwa alama za hesabu ambayo msemaji ameifanya juu ya fikra za mwenziwe.

"Nini" na "Vipi"

Fikra hiyo ilipewa msingi wa kinadharia na Philip Cohen na Raymond Perrault mwaka 1979. Wao walichukua nadharia ya vitendo vya usemi ya wanafalsafa J. L. Austin na John Searle, wakadai kwamba kutamka ni kutenda na kwamba tendo hilo linaweza kupangwa kama lipangwavyo tendo jingine lolote, mradi mpangaji azingatie imani za msikilizaji.

Kathleen McKeown, katika tasnifu yake ya mwaka 1982 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliigawa kazi ya kutunga katika sehemu mbili: kuamua nini kisemwe, na kuamua kisemwe vipi. Alizichunguza matini zilizoandikwa na watu, akagundua kwamba maelezo ya kufafanua kitu, au ya kulinganisha vitu viwili, hufuata mipangilio inayojirudia. Mipangilio hiyo ndiyo programu yake, TEXT, iliyoitumia kuchagua na kupanga habari. Aidha, programu ilishika kumbukumbu ya kitu kinachozungumziwa kwa wakati huo, na kutokana na kumbukumbu hiyo ikaamua kutumia kiwakilishi au kauli ya kutendwa.

Mgawanyo wa "nini" na "vipi" uliwafaa wengi. Ehud Reiter na Robert Dale, katika kitabu chao cha mwaka 2000, waliupanua ukawa hatua tatu: kuipanga hati, kuzipanga sentensi, na kutoa umbo la mwisho la kisarufi. Lakini palikuwa na waliouhoji mapema. Douglas Appelt, ambaye kitabu chake Planning English Sentences kilitoka mwaka 1985, alionyesha kwamba kirai kimoja kinaweza kutimiza makusudio mawili. Anayemwambia fundi aifungue pampu kwa spana iliyo sandukuni amempa agizo, na papo hapo amemjulisha spana ilipo. Je, neno "sandukuni" hapa ni la "nini" au la "vipi"? Naye Eduard Hovy, kwa programu yake PAULINE ya miaka hiyo hiyo ya 1980, alilifanya tukio moja lisimuliwe kwa namna mbalimbali kulingana na msikilizaji na msimamo wa msemaji. Tofauti kubwa ilitokana na yale yaliyoachwa.

Hata katika kazi za kila siku suala hilo lilijitokeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen waliunda mfumo wa SumTime uliotunga utabiri wa hali ya hewa kwa wafanyakazi wa visima vya mafuta baharini. Waligundua kwamba watabiri wenyewe hawakukubaliana juu ya saa inayokusudiwa na neno kama "jioni". Mtambo ulipopewa maneno yenye maana thabiti, wasomaji, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2005, waliupendelea utabiri wake katika baadhi ya mambo kuliko ule ulioandikwa na watu. Sisi ambao hesabu yetu ya saa huanza alfajiri, na ambao maneno yetu alasiri na magharibi yalifungamana na nyakati za sala, hatuna haja ya kuelezwa kwamba orodha ya maneno ya wakati haitafsiriki kwa kubadili neno kwa neno.

Kitenzi cha Kiswahili

Sasa na tuutazame mgawanyo huo kwa macho ya Kiswahili. Kwanza, kiunzi chenye pengo alichokitumia Strachey hakitufai. Chukua ujumbe mfupi wa simu wenye pengo la nomino likifuatwa na maneno "yako imepokelewa". Barua yako imepokelewa. Lakini ombi lako limepokelewa, kitabu chako kimepokelewa, fedha zako zimepokelewa. Wala orodha ya ngeli peke yake haitoshi. Husemwa rafiki yako amefika, ambapo kimilikishi hufuata umbo la nomino na kitenzi hufuata maana yake. Lakini husemwa mbuzi wako amefika, ambapo vyote viwili hufuata maana. C. Maria Keet na Langa Khumalo walikumbana na hali ya namna hiyo katika isiZulu. Kazi yao iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba viunzi sahili havitoshi na kwamba kila hatua yahitaji kanuni za ngeli.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, upatanisho wetu humruhusu msemaji kuiacha nomino kabisa. "Kimevunjika" ni sentensi kamili. "Alimpa" ina mtoaji na mpokeaji bila kumtaja hata mmoja. Mtambo utajuaje kwamba kiambishi ki- kinatosha, na kwamba msikilizaji hatauliza "Ni nini hicho?" Tena linganisha "nilisoma kitabu" na "nilikisoma kitabu". Wanaisimu hawajaafikiana kuhusu kila matumizi ya kiambishi hiki cha yambwa, lakini wengi wanakubali kwamba kwa nomino zisizo na uhai huashiria kitu ambacho pande mbili zimekwisha kukijua. Maana yake ni kwamba makisio ya akili ya msikilizaji, ambayo McKeown aliyaweka katika kumbukumbu nje ya sarufi, katika Kiswahili yanaingia ndani ya neno moja. Ukuta kati ya "nini" na "vipi" unapita katikati ya kitenzi.

Kazi zilizofanywa juu ya Kiswahili zimejenga msingi imara wa neno na sentensi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuunda programu ya uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili. Na Wanjiku Ng'ang'a wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliandika sarufi ya Kiswahili kwa ajili ya mfumo wa Grammatical Framework ulioanzishwa na Aarne Ranta. Kilichosalia nyuma ni uchunguzi wa aya nzima: lini msimulizi wa Kiswahili hutaja, na lini hunyamaza.

Mitambo ya Leo

Tangu mwaka 2017, watafiti wa Google walipochapisha muundo uitwao Transformer, na hasa baada ya ChatGPT kutolewa kwa umma mwezi wa Novemba 2022, njia imebadilika. Mitambo ya sasa haikuandikiwa mipangilio kama ya McKeown wala kanuni kama za Davey. Imejifunza kutokana na wingi mkubwa wa matini kubashiri kipande cha neno kinachofuata. Ikiwa ina mpango wowote, mpango huo umefichika ndani ya mabilioni ya namba.

Matokeo yake ni kinyume cha yale ya zamani. Proteus ilisema machache, kwa lugha ya kukakamaa, juu ya mambo iliyokuwa na hakika nayo. Mitambo ya leo husema mengi kwa ufasaha, na pengine yale yasiyo kweli. Katika insha ambazo wanafunzi hutuletea, mwandishi wa makala haya ameona aya ambazo upatanisho wake hauna dosari, lakini nomino moja inarudiwa katika kila sentensi pale ambapo kiambishi kingetosha, na jambo lililo wazi linafafanuliwa mara tatu. Kalamu nyekundu haipati kosa la kuliwekea alama. Msomaji, kama wale waliozungumza na ELIZA, huileta nia mwenyewe kisha akaisifu matini kwa kuwa nayo.

Hitimisho

Tumeona kwamba kila mara sarufi ilipotengemaa, watafiti waligundua kuwa kazi iliyobaki ilikuwa ya kuchagua na kuacha. Kwa Kiingereza, sehemu kubwa ya kazi hiyo iliweza kufanywa kabla ya sentensi kuanza. Kwa Kiswahili haikwepeki hata katika neno moja. Kwa hiyo swali la kama matini fulani ya Kiswahili imetungwa vema haliwezi kujibiwa kwa jedwali la ngeli peke yake.

Wala tusiwalaumu wahandisi kwa pengo ambalo ni letu kuliziba. Davey alianza na mchezo wa vyumba tisa. Nasi tunaweza kuanza na jambo dogo vilevile: kukusanya masimulizi ya tukio moja kutoka kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, na kuhesabu mahali ambapo kila mmoja ametaja nomino, ametosheka na kiambishi, au amenyamaza kabisa. Bila kazi ya namna hiyo tutaendelea kusahihisha viambishi vya mitambo, huku kipimo cha usemi mzuri wa Kiswahili kikiwekwa na matini ambazo hazikuwa na msikilizaji.